Silinda ya tatu ndiyo iliyolia: miezi mitatu na kidude cha OBD kwenye gari la turbo

Ukiwa gia ya tatu, mshale wa mzunguko wa injini ukipita elfu mbili na mia saba, gari langu lilikuwa linabana pumzi. Halizimi wala halipigi kelele. Linabana tu, kama mtu aliyeitwa jina lake gizani, kisha baada ya nusu sekunde linaruka na kukubandika kwenye kiti. Na likisimama, injini ikiunguruma kwenye sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta, usukani unatetemeka mpaka kwenye kioo cha ndani unaona gari moja la nyuma yako kama mawili.

Ni gari la milango miwili, silinda nne, lita mbili, turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), gia za mkono, la mwaka 2011. Mimi ni mmiliki wa nne. Aina yake sitaitaja, maana nikiitaja nusu yenu mtaacha niliyokuja kusema na kuanza kubishana kuhusu gari. Leo nazungumzia kifaa: kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea hitilafu za gari, chini ya dashibodi, kinachoongea na simu kwa bluetooth. Kimeniponza, kimenisaidia, na kimenisaidia zaidi wakati nilikuwa nimeshaanza kukidharau.

Kwa ambaye hajawahi kukishika: ni kipande cha plastiki, saizi ya kiberiti, chenye pini za kuingia kwenye soketi ya matundu 16. Soketi hiyo imekuwa lazima kwenye magari madogo yanayouzwa Marekani tangu 1996, na kwa magari ya petroli Ulaya tangu 2001. Ndani ya vidude vingi hivi kuna nakala ya chipu iitwayo ELM327, iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, ELM Electronics. Nasema nakala kwa makusudi. Toleo la kwanza halikufungwa wasiigize wengine, wakaigiza mpaka leo. Utakuta kidude kimeandikwa kwa fahari "v1.5", na kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo la namba hiyo. Nilipolijua hilo nilicheka, halafu nikakigeuza cha kwangu. Kimeandikwa v1.5.

Cha kwanza kilikuwa kibovu moja kwa moja. Kilikuwa kinaungana na simu, kinaonyesha mzunguko wa injini kwa dakika mbili, kisha kinakata, na kukirudisha ni mpaka uzime swichi ya gari uanze upya. Nikakiweka kwenye droo, nikatafuta kingine cha daraja la juu kidogo ambacho bado ni nafuu kuliko koili moja (kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya gari hili. Hicho cha pili ndicho ninachokipimia nyota. Namba ya siri ya kuunganisha ilikuwa 1234, kama ilivyo kwa vingi. Wenye iPhone wawe macho: bluetooth ya kawaida ya vidude hivi haikubaliani na simu zao kwa kazi hii, watafute kinachotumia wifi au bluetooth ya nguvu ndogo.

Siku ya kwanza kilinifurahisha mno, na hapo ndipo kiliponiponza. Taa ya injini ilikuwa imewaka. Nikachomeka, nikafungua programu, nikabonyeza kusoma, na ndani ya sekunde nne ikaja: P0303. Silinda namba tatu inamisi, yaani mafuta ndani yake hayawaki inavyotakiwa. Niliruka. Mafundi wawili walikuwa wamezunguka hilo gari wakitingisha vichwa, na mimi na simu yangu tumepata jibu nikiwa nimevaa ndala! Nikabonyeza kufuta, taa ikazima, nikaenda kununua koili ya silinda ya tatu.

Mlioona kosa mmeliona. Yalikuwa mawili.

La kwanza, kufuta. Injini inapoandika msimbo wa hitilafu, kompyuta yake hupiga picha ya hali ilivyokuwa dakika ile: mzunguko wa injini, mzigo kwa asilimia, joto la maji, mwendo. Programu yangu ina ukurasa mzima wa picha hiyo. Ukifuta msimbo, picha nayo inafutika. Ni sawa na kuitwa kwenye ajali ukaanza kwa kufagia vioo barabarani. Programu iliniuliza, "Una uhakika?" nikajibu ndiyo kwa haraka ya mtu anayetaka taa izime.

La pili, koili. Kuna jaribio la bure kabisa ambalo kila fundi analijua: toa koili ya tatu ipeleke kwenye silinda ya kwanza, ya kwanza ilete kwenye ya tatu, kisha endesha. Msimbo ukihamia P0301, koili ni mbovu. Ukibaki P0303, koili haina hatia. Dakika kumi. Mimi nilinunua.

Koili mpya ilikaa siku nne bila taa kuwaka, nikawa natangaza ushindi kwa kila aliyepanda. Gari bado lilikuwa linabana pumzi, ila nilijiambia linazoea. Siku ya tano taa ikarudi, safari hii ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Taa ikipepesa hivyo usiendelee kukanyaga mafuta: maana yake injini inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiunguza. Nikapunguza, nikasogea pembeni, nikachomeka kidude. P0302. Na chini yake, P0300, yaani misi isiyo na silinda maalumu.

Safari hii sikufuta. Nilifungua ule ukurasa wa picha nikausoma kama barua. Mzunguko 3,150. Mzigo asilimia 86. Joto la maji nyuzi 91. Mwendo kilomita 74 kwa saa. Kwa hiyo injini haikumisi ikiwa baridi wala ikiwa imesimama. Ilimisi nikiwa nimekanyaga, turbo ikiwa inasukuma. Hapo ndipo kidude kilipoanza kustahili nafasi yake ndani ya gari.

Nikaenda gereji kwa mzee mmoja niliyeelekezwa, fundi wa zamani, mikono imeingia oili mpaka kwenye mistari ya viganja. Nilimwonyesha simu. Akaitazama, akanirudishia.

"Kijana, mashine yako inasemaje?"

"Kwanza ilisema silinda ya tatu, mzee. Sasa inasema ya pili."

"Ya tatu ililia, na ya pili nayo imelia. Nani anawapiga, imesema?"

"Hapana."

"Basi tumtafute anayewapiga."

Tukatoa plagi zote nne. Nne zote zilikuwa nyeusi ti, masizi makavu ukipitisha kidole yanabaki kidoleni. Ingekuwa koili moja mbovu, ungeona plagi moja yenye sura tofauti na wenzake. Hizi zilifanana kama watoto wa mama mmoja. Masizi ya hivyo maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Akachukua kipimo cha nafasi, akapima mwanya wa plagi: milimita 1.1. Kitabu cha gari langu kinataka 0.75. Hapo akanieleza kitu nilichokuwa nakisikia bila kukielewa. Cheche inaruka mwanya kwa shida zaidi kadiri hewa ndani ya silinda ilivyobanwa. Kwenye sailensi hata mwanya mkubwa unarukika. Turbo ikishasukuma, hewa inakuwa nzito, na koili ikishindwa kuruka mwanya huo cheche haitokei. Hiyo ndiyo ile nusu sekunde ya kubana pumzi.

Tukaweka plagi mpya zenye mwanya sahihi. Gari likapata nafuu kubwa. Lakini mzee hakuridhika, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kutotangaza ushindi. "Mwanya umefanya wamisi," alisema, "haujawafanya weusi."

Hapa kidude kilirudi kazini, na hii ndiyo sehemu ninayotaka asomaye akae nayo, kwa sababu watu wengi wanakitumia kusoma misimbo tu na kukirudisha mfukoni. Thamani yake iko kwenye data ya papo kwa papo. Unachagua vitu unavyotaka kuvitazama, programu inavirekodi wakati unaendesha, ukirudi unakaa chini na kuusoma mchoro. Ushauri: usichague vitu kumi na tano. Kidude cha bei hii kinauliza kompyuta ya gari swali moja moja, na ukikipa maswali kumi na tano kila jibu linakuja limechelewa, na tatizo la nusu sekunde linapita katikati ya majibu mawili. Mimi nilichagua manne: mzunguko, shinikizo la manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa), gramu za hewa kwa sekunde kutoka kwenye sensa ya hewa, na lamda, yaani uwiano wa hewa na mafuta: 1 ni sawasawa, chini ya hapo mafuta yamezidi. Na usitazame simu unapoendesha. Rekodi inajiandika yenyewe.

Kwanza nilifungua swichi bila kuwasha injini. Shinikizo la manifoldi likasoma 100. Hiyo ni hewa ya kawaida, kwa kipimo cha kilopaskali, na ndiyo msingi: chochote juu ya hapo ni kazi ya turbo. Nikawasha. Kwenye sailensi likashuka mpaka 34, sawa, injini inavuta. Marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, yalikuwa asilimia 2 na 3. Safi kabisa. Kama kungekuwa na tundu baada ya throtoli (vali ya hewa inayofunguka ukikanyaga mafuta), injini ingekuwa inavuta hewa isiyohesabiwa kwenye sailensi na namba hizo zingepanda kwenye kumi, kumi na tano, hata ishirini. Kwa hiyo upande ule ulikuwa mzima.

Kisha barabara tupu, gia ya tatu, mguu chini kuanzia elfu mbili. Mchoro ukanionyesha shinikizo likipanda vizuri mpaka 142 na kugota hapo, kama mtoto aliyefika kwenye rafu asiyoifikia. Gari hili likiwa zima linafika karibu 200. Wakati huohuo sensa ya hewa ilikuwa inahesabu gramu nyingi tu, na lamda ikashuka mpaka 0.74, yaani mafuta yamezidi mno. Soma hizo tatu pamoja. Hewa inaingia na kuhesabiwa. Kompyuta inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo. Lakini hewa haifiki yote kwenye silinda, nyingine inapotea njiani. Petroli inabaki bila mwenzake, ndiyo masizi. Mwizi yuko kati ya turbo na throtoli, na anaiba pale tu shinikizo linapopanda. Kwenye sailensi eneo hilo halina shinikizo la kusukuma wala la kuvuta, ndiyo maana namba zilikuwa safi. (Hii ni kwa magari yenye sensa ya kuhesabu hewa mlangoni. Yale yanayokadiria hewa kwa shinikizo la manifoldi peke yake hayadanganyiki hivi. Yatakosa nguvu tu bila kuwa meusi.)

Nilimpelekea mzee mchoro. Alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema, "Hii sasa imesema." Kutoka kwake nadhani hiyo ni nyota tano.

Jaribio la kumkamata mwizi halikuhitaji umeme wowote. Alikuwa na kizibo cha bomba la plastiki kilichotobolewa na kufungwa valvu ya tairi. Akafungua bomba la kuingizia hewa kabla ya turbo, akakipachika, akakaza klampu, akasukuma hewa ya kompresa taratibu mpaka nusu ya baa. Akaanza kunyunyizia maji ya sabuni. Juu ya intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, hakuna. Kwenye klampu, hakuna. Nilishaanza kukata tamaa alipolala chini na tochi, akapeleka mkono kwenye mpira unaotoka intakula kwenda throtoli, upande wa chini usioonekana. Povu likatoka pale kama la nguo inayofuliwa, na sauti ndefu ya pshhh. Mpira ulikuwa na ufa wa kama sentimita nne uliofuata mkunjo wake. Ukiutazama bila shinikizo, umejifunga kama mdomo wa mtu mwenye siri. Kuuzunguka kulikuwa na oili nyembamba iliyoshika vumbi, alama ambayo nimejifunza kuitafuta: hewa ya turbo hubeba mvuke wa oili, na inapotokea huacha uchafu wenye unyevu.

Mpira wa miaka mingi, joto la injini, mikunjo. Mafundi wawili na koili moja vilipita juu yake.

Baada ya kuubadilisha, barabara ileile, gia ileile: 196. Lamda 0.86. Na ile nusu sekunde ikaisha, siku hiyo mpaka leo. Nilipiga gia ya tatu mara nne zaidi ya ilivyohitajika kwa utafiti.

Mtetemo ukabaki.

Nilikuwa nimeuchukulia muda wote kuwa ni tatizo moja lenye sura mbili, na hapa kidude kilinisaidia kwa kuniambia kitu hakipo. Magari yenye mfumo wa CAN (mtandao wa kompyuta za ndani ya gari), na la 2011 ni mojawapo, yana ukurasa wa majaribio ya ndani ambao programu nyingi huuita "mode 06". Humo utakuta hesabu ya misi ya kila silinda, kwa safari ya sasa na wastani wa safari kumi zilizopita. Ninakaa kwenye kiti, usukani unanitikisa mikono, na namba ziko sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Injini ilikuwa inawaka sawasawa. Kilichokuwa kinatetemeka kilikuwa ni njia ya mtikisiko kutoka kwenye injini kuja kwangu.

Mzee aliweka jeki na ubao chini ya injini, akaipandisha kidogo sana, milimita chache. Usukani ukatulia kama umezimwa. Mauntingi ya kulia, raba inayoshikilia injini, ilikuwa imechanika na maji yake ya ndani yamevuja yote. Na ile ya chini, inayozuia injini isijizungushe, mmoja wa wamiliki walionitangulia alikuwa ameibadilisha akaweka ya plastiki ngumu nyekundu, ile ya mashindano. Kwa mtu wa mashindano ina maana yake: gari linajibu haraka ukikanyaga. Kwa mtu anayesimama kwenye foleni, ni kuamua kukaa juu ya injini. Tuliweka zote mbili za mpira wa kawaida. Hakuna msimbo uliowahi kuandikwa kuhusu hilo, na hautaandikwa, kwa sababu gari halina sensa ya kujua raba imechoka.

Malalamiko yangu kwa kidude: hakisomi ABS (breki zisizofunga magurudumu) wala mifuko ya hewa kwenye gari langu. Tafsiri za misimbo kwenye programu ya bure zinatoa ushauri wa kununua spea kwa ujasiri wa ajabu. Chini ya P0303 iliandika "badilisha koili", bila neno lolote kuhusu kuihamisha kwanza. Pia soketi ina umeme muda wote hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo kidude kikiachwa kinanyonya betri polepole. Nilikisahau nilipoondoka siku kumi na mbili, nikarudi kwenye gari lisilojibu hata taa za ndani. Sasa nakichomoa kila ninaposhuka, na kina alama ya meno yangu kwa sababu huwa nakishikilia mdomoni nikifunga mlango.

Nyota nne kati ya tano kwa kidude. Nyota mbili kwa programu ya bure, nne kwa ile ya kulipia yenye kurekodi na mode 06, maana bila hivyo viwili nisingefika popote. Kizibo cha mzee chenye valvu ya tairi hakiuzwi, ila nimetengeneza cha kwangu.

Wiki iliyopita shemeji yangu aliazima kidude akapime pikapu yake ya 1994 inayotoa moshi. Alinipigia baada ya nusu saa akiwa chini ya dashibodi, akiniuliza soketi iko upande gani.